Tundu Chini ya Mashua Yangu

Mimi ni mtu wa Ntimaru, kwetu ni mahindi na ng'ombe, na maji mengi niliyoyajua utotoni ni ya kuoga. Sasa niambie, kiherehere gani kilinifanya ninunue mashua? Ilikuwa miaka ya tisini, nikifundisha Mbita. Daktari mmoja mgeni, akijiandaa kurudi kwao, alikuwa akiiuza Homa Bay. Niliikuta imelala kifudifudi nyuma ya nyumba yake: nyeupe, nyepesi, mashua ya mashindano yenye nafasi ya mtu mmoja tu. Mtu mmoja! Nilitaka kujua mtu mmoja anawezaje kushika tanga, usukani na roho yake kwa wakati mmoja.

Nikajua. Miezi mitatu nilipinduka kila Jumapili, na wavuvi wakaacha nyavu zao kuja kucheka. "Nyar Kuria ameenda kuoga tena!" Yaani binti wa Wakuria. Nami nilikuwa nikipanda tena na swali jipya. Mbona tanga likivutwa sana mashua inainama, na likilegezwa inatulia? Kilichonishangaza kuliko vyote ni tundu la sakafuni, lenye kifuniko kidogo cha chuma. Mashua ikishika kasi unakifungua kwa kidole cha mguu, na maji yaliyoingia yananyonywa nje. Tundu chini ya mashua, na mashua haizami! Nilifungua na kufunga, nikafungua na kufunga, hadi nikasahau usukani na kupinduka.

Mwenyekiti wa ufuo, msimamizi wa wavuvi, hakufurahishwa. Kwao mashua ina watu: wa tanga, wa usukani na wa kuchota maji. "Mwalimu, hii yako ni mashua ya mtu mchoyo," aliniambia. Mara mbili wavuvi walikuwa wameacha kazi yao kunivuta hadi nchi kavu, na alikuwa amechoka. Akakata shauri: Jumapili inayofuata nizunguke kile kisiwa kidogo cha ndege na kurudi bila kuvutwa. Nikishindwa, niiondoe ufuoni kabisa. Ningeipeleka wapi? Ntimaru, ng'ombe wainywee maji?

Nikampa fundi wa mashua, mzee mpole wa palepale, apake rangi ubavu uliokwaruzwa. Mimi nilimwita Baba, naye aliniita nyathina, mwanangu. Jumapili asubuhi akanikabidhi iking'aa. "Nimeikagua yote," akasema, akatabasamu, basi.

Nilikwenda vizuri hadi nyuma ya kisiwa. Huko mawimbi yakaanza kuingia. Nikanyoosha mguu nifungue kifuniko. Hakuna kifuniko. Nikapapasa kwa mkono: pamba na lami, imeshindiliwa ikawa ngumu kama jiwe. Yawa! Mzee alikuwa ameona tundu kwenye mashua, akafanya ambacho fundi yeyote wa Mbita anayejiheshimu angefanya.

Nilimtukana kwa Kikuria, samaki wasielewe. Maji yakapanda juu ya vifundo vya miguu, mashua ikawa nzito, haigeuki. Mvuvi mmoja akasogea na kuinua kamba juu, akiniuliza bila maneno. Niliogopa, sitadanganya. Mkono wangu ulikuwa tayari umeanza kuinuka nilipoona kitu cha njano chini ya sitaha ya mbele, kimefungwa kwa uzi wa nyavu. Ni jerikeni iliyokatwa nusu, ya kuchotea maji. Sikuiweka mimi; ilikuwa na alama za vidole vya lami.

Nikamkatalia mvuvi. Nikakalia kamba ya tanga, nikabana usukani kwapani, nikachota na kumwaga, nikachota na kumwaga, hadi bega likafa ganzi. Wavuvi wote walinipita. Lakini mashua iligusa mchanga yenyewe, na mwenyekiti akaitazama, akanitazama, akaonyesha kwa kidevu pale mashua yangu inapolala siku zote. "Weka," akasema.

Fundi alinisubiri pembeni. Njia nzima nilikuwa nimemtungia maneno makali, nayajua kwa moyo. Akanivuta kando, akanong'ona ili watu wasinicheke.

"Nyathina, aliyekuuzia alikuficha jambo. Kulikuwa na tundu chini. Limevuja?"

Mikono yake ilikuwa bado na lami.

"Halijavuja hata tone, Baba," nikasema. Na ilikuwa kweli.