Kreti Arobaini za Soda Chungu

Serikali ilipoacha kumlipa mume wangu mshahara, yeye aliendelea kwenda shuleni kufundisha dini, na mimi nikaanza kuuza soda. Mmoja wetu ilibidi aishi hapa duniani.

Vita vilikuwa vimekata njia ya Kinshasa. Kila kitu kilichofika Butembo kilipitia Kasindi kutoka Uganda: chumvi, sabuni, misumari, na pia mabwana wapya wa kututawala. Nilipanda kamyo, nikavuka mpaka hadi Kasese, na huko muuzaji wa jumla akanionyesha chupa ndogo nzuri zenye karatasi ya manjano.

"Chukua hii, mama," alisema. "Wazungu wanaipenda sana."

Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Wazungu wanapenda pia jibini linalonuka kama soksi. Lakini bei ilikuwa nzuri na chupa zilimeta, nikachukua kreti arobaini.

Kasindi, mtu wa duane, yaani forodha, alifungua chupa moja ili akague, kwa sababu alikagua kila kitu kinachonyweka. Alimeza kidogo, akafumba macho, kisha akatema kando ya buti zake.

"Mama, mali yako imeoza."

"Imeoza?"

"Njo hivi. Siwezi kulipisha mutu kodi ya kitu ya kuoza. Pita."

Nilipita upesi, nikimshukuru Bikira Maria kwa kumweka mjinga kwenye duane. Mjinga kweli alikuwepo, ila alikuwa amekaa juu ya kreti.

Butembo, mteja wangu wa kwanza alikuwa fundi cherehani wa jirani. Alikunywa, akaniangalia kama mtu aliyetukaniwa mama yake. "Hii soda iko na kasirani," alisema, akairudisha chupa mezani taratibu. Wa pili na wa tatu walitema tu. Jioni mume wangu alichukua kamusi, akasoma ile karatasi ya manjano neno kwa neno, halafu akatangaza kwa sauti yake ya darasani: "Ni toniki. Ndani kuna kinini."

Ukuta wetu ulikuwa wa udongo, tena mwembamba. Kesho yake mtaa mzima ulijua kwamba nimeleta dawa ya malaria ya chupa, ya wazungu, yenye mapovu.

Miaka ile dawa zilikuwa adimu, na malaria haikuwa imesikia kwamba kuna vita. Watu walikuja. Huyu kichwa, yule kiuno, mwingine alitaka ya akiba. Sitajitakasa hapa: niliuza. Nilisema kweli kwamba ni kinywaji tu, lakini mkono ulikuwa unatoa chupa.

"Unajua kama haiponyeshe," mume wangu aliniambia.

"Lakini nabaambia ni soda."

"Unabaambia polepole."

Siku ya tatu alikuja mama mmoja na mtoto mgongoni. Alikuwa ametembea tangu alfajiri kutoka kijiji cha upande wa Lubero. Kichwa cha mtoto kiliyumba kama ua lililovunjika shina, na nilipomgusa alikuwa wa moto kama jiwe la jikoni. Yule mama alikuwa amepita mbele ya kituo cha afya cha masista bila kusimama, kwa kuwa alisikia dawa yangu ina nguvu zaidi.

"Unipe chupa mbili," alisema.

"Hapana. Hii ni soda, haiko dawa."

"Banasema unauzisha tu kwa bale unajua."

Watu waliokuwa nyuma yake walisogea wasikie jibu. Nilifungua chupa, nikainywa yote mbele yao, nikabeua kwa sauti ambayo mama yangu mzazi angenipigia kofi.

"Mulishaona dawa ya kubeulisha mutu hivi? Ni soda. Na ni mubaya."

Nilifunga duka. Nilimbeba mtoto mimi mwenyewe, maana mama yake alikuwa hana miguu tena kwa uchovu, tukapanda kilima kwa masista. Yule sista muuguzi alinitazama, akauliza kama ni mimi wa kinini ya chupa. Nikakubali. Alimdunga mtoto sindano na mimi akanidunga maneno, vyote kwa pamoja, mpaka mtoto akalia kwa nguvu. Niliposikia kilio kile ndipo nilipoweza kuketi. Alilala pale siku nne, akarudi kwao akidai ndizi.

Butembo sikuuza tena hata chupa moja. Nilipakia kreti zilizobaki nikazipeleka Beni, kwani niliambiwa wanajeshi wanakunywa chochote. Walinipeleka kwa mkubwa wao, major wa waasi, aliyekaa katika nyumba ya mfanyabiashara wa kahawa aliyekimbia. Alipoiona chupa alivua bereti.

"Mama, unajua hii ni nini?"

"Ni soda, major. Haiponyeshe kitu." Sasa nilikuwa nasema kwa sauti.

Alicheka. "Mbele ya vita nilikuwa serveur, wa kuhudumia meza, hoteli ya banene kule Kinshasa. Mwaka muzima nakunywa gin yangu na chai ya baridi, kwa kukosa hii."

Alimtuma mwanajeshi mwenye bunduki aende parokiani kutafuta malimau. Alirudi na malimau sita na laana ya padri. Major akakunja taulo juu ya mkono, akachanganya gin na toniki, akakata limau vipande vyembamba, akaniletea bilauri juu ya sahani, akainama. "Madame."

Hakuna mtu aliyewahi kunihudumia hivyo. Nilikunywa mbili. Kwa mara ya kwanza niliwaelewa wazungu, jambo ambalo sikulipanga. Na nilimpenda yule mtu, nakiri, ingawa wanajeshi wake walikuwa wanamaliza mbuzi za watu kule Mbau. Alinunua kreti zote, akaagiza nyingine.

Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani cha kutoka Beni, wanajeshi wake walinishusha.

"Mama, unanuka pombe. Ni amende, utalipa."

"Mimi ni mugeni wa major."

"Sisi bote tuko bageni yake," mmoja alijibu bila hasira, akavinyooshea kidole viatu. Vilikuwa viatu vyangu vya Misa.

Nilifika nyumbani peku. Mume wangu aliangalia miguu, kisha akanusa.

"Umeuzisha?"

"Yote."

"Na biatu?"

"Na biatu."

Alienda kuniletea maji ya kunawa miguu, akicheka kimya kimya, mwalimu wa dini yule. Nilimletea major toniki mara tatu zaidi, hadi waasi wengine walipomfukuza Beni. Sikujua kama alitoka hai. Waliokuja nyuma yake walikunywa bia tu, nami nikaanza kuuza sabuni.