Debe la Bakawan

Aling Sidra alifungasha biskuti za Bakawan tangu akiwa msichana mpaka nywele zikawa nyeupe. Mumewe, Crisanto, alikuwa mchomaji kwenye tanuri la kiwanda hicho hicho. Mimi nilikuwa nikilehemu madebe. Wakati huo kila nyumba ya mji wetu wa Malabon ilikuwa na debe letu la pembe nne lenye picha ya mkoko, ndio bakawan kwa lugha yetu. Biskuti zikiisha, liliwekwa mchele, au vyeti, visilowe mafuriko yakija.

Mzee Dy alianza na tanuri moja la matofali, akiwaokea wavuvi. Lakini kilichomtajirisha ni misiba. Hapakuwa na mkesha bila kahawa, karata na debe la Bakawan. Mfanyakazi akifa, aliletewa debe bure.

Kisha wakaja wajukuu waliosoma. Wakasema biskuti zetu zinanuka maiti. Wakaleta pakiti za plastiki, ladha ya jibini, na mashine ya kufungashia. Siku tanuri lilipovunjwa, Crisanto alishindwa kula asubuhi, na Sidra akamwambia, "Lia basi, kama tanuri ndiye mkeo." Hakumjibu. Alikwenda kuangalia matofali yakianguka, akaanguka naye. Moyo.

Kwetu ukitoka msibani huendi nyumbani moja kwa moja. Unapita mahali kwanza, unajikung'uta, marehemu asikufuate. Na chakula cha msibani hakiondoki na mtu, kwa sababu hiyo hiyo. Sidra alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana siku ya maziko alitia mkono debeni, pale ukumbini, nje ya chumba ulimolazwa mwili wa mumewe, akajaza mfuko wa gauni. Kutoka makaburini akaenda moja kwa moja kwake.

"Mpaka arobaini tu, Mang Ponso," aliniambia. "Anijibu, kisha aende zake."

Kila alasiri alimwekea biskuti moja sahanini, na kikombe cha kahawa kando, kwa kuwa Crisanto alikuwa akichovya. Haikupita wiki akaniita.

"Tazama. Nimeilaza mwenyewe."

Biskuti ilikuwa imesimama kwa ubavu, imeegemea kikombe. Kahawa haikuguswa. Chumba kizima kilinuka tumbaku.

"Crisanto hakuvuta," nikasema.

"Hata siku moja. Na mchomaji gani anasimamisha biskuti hivyo? Hivyo ndivyo sisi tulivyozipanga debeni. Na aliyetufundisha ni nani?"

Nikakumbuka. Lola Rufing, msimamizi wa wafungashaji, bibi aliyevuta sigara ya majani kwa mtindo wa wazee wa kwetu, moto ukiwa ndani ya mdomo, naye alikufa wiki ile ile, na mwili wake ulilazwa katika chumba kilichoelekeana na cha Crisanto. Madebe mawili ya Bakawan yalikaa kwenye meza moja, ukumbini, katikati ya milango miwili.

"Sidra wee! Ulikosea debe. Umemchukua bibi wa watu."

"Usinicheke, mzee wewe!"

"Sicheki."

"Kazini alikuwa akinipiga vidole kwa rula. Sasa amenifuata mpaka jikoni!" Alicheka yeye, kisha uso ukabadilika. "Na Crisanto? Nyinyi mlijikung'uta wapi?"

"Kwa Aling Mercing. Tulikunywa uji."

Tukaenda kibandani kwake. Debe la Crisanto lilikuwa limekwishamalizwa na wacheza karata, chenga zikafagiliwa. Pa kumtafuta palibaki kwa Mercing tu. Sidra aliuliza tulikaa wapi.

"Benchi la mbao, pale," Mercing akasema. "Nimeliuza. Nimeweka viti hivi vya plastiki."

"Benchi umeliuza na mume wangu juu yake?"

"Dada, hapa watu wanakung'uta maiti wao kila siku. Ningewaweka wapi wote?"

Sidra aliagiza mabakuli mawili, akazungumza kwa sauti ya chini na kiti kitupu mpaka uji ukapoa. Alirudi pale alasiri nyingi. Hakuna kilichosogea. Akirudi nyumbani, tumbaku ilikuwa ikimngoja mlangoni.

Siku ya arobaini majirani walikuja kusali, wakaleta pakiti za jibini. Neno la Crisanto halikuja, na roho ikishasomewa arobaini huenda zake; halingekuja tena. Ilibaki biskuti moja ya msibani. Nikamshauri tuipeleke kwa Nening, mjukuu wa Lola Rufing, tuivunje kizingitini pake, bibi abaki na wa kwake.

Aliifunga katika leso, tukatembea. Nyumba ya Nening ilikuwa na kufuli. Kwenye geti palikuwa na kibao: inapangishwa.

"Amekwenda Kanada," jirani akatuambia kutoka dirishani. "Tangu wiki ya maziko. Hata arobaini ya bibi yake hakusoma."

Sidra alisimama na leso mkononi. Nilingoja aivunje. Hakuivunja.

"Mimi nilimtaka Crisanto," akasema, si kwa kuniambia mimi. "Unasikia? Nilimtaka Crisanto." Akapangusa macho, akairudisha leso mfukoni. "Haya, Lola. Twende."

Nilimsindikiza. Alipofika kwake alifungua mlango, akaingia, akaushikilia wazi kwa muda, kama unavyomshikilia mlango mtu mwenye miguu mibovu. Kisha akaufunga, nami nikiwa nje.

Njia ya kwangu inapita kwa Mercing. Taa zilikuwa zinawaka, na viti vya plastiki vilikuwa vitupu. Sikukaa, wala sikujikung'uta. Nilikwenda nyumbani moja kwa moja.