Mkwe Anayeoga Kila Simu Inapoita

Novatus wa Kiruruma anajua kusalimia. Hilo tuliseme mapema, maana ukweni kwake, Songambele, wapo wanaoapa kwamba hana adabu. Nenda nyumbani kwake uone. Atafuta mikono kwenye suruali, atainamisha kichwa, atatoa shikamoo iliyonyooka, kisha ataulizia watoto, ng'ombe na mvua, kwa mpangilio uleule aliofundishwa na mama yake. Atakuletea kisahani cha kahawa ya kutafuna. Machoni hakutazami, anatazama mkono wako. Mkono ukienda kwenye kisahani, anajua sasa ni zamu yake kusema.

Kwenye simu hakuna mkono. Kuna sauti tu, inamwingia sikioni bila mwenyewe kuonekana, na Novatus hajui imemaliza au inavuta pumzi. Anasubiri. Maneno yote yanamkaukia mdomoni. Na watu wetu, ukiwanyamazia kwenye simu, umewatukana.

Kwa hiyo mkewe, Laurensia, amegeuka mwongo kwa ajili yake. "Baba Adela yuko kibanjani kwenye migomba." "Baba Adela amepeleka kahawa kukoboa." "Baba Adela anaoga." Mzee Telesfori, baba yake Laurensia, aliwahi kumuuliza kwenye simu huyo mkwe wake anaoga mara ngapi kwa siku. Wakati huo Novatus alikuwa ameketi palepale kwenye kigoda, mkavu, akitamani ardhi ipasuke immeze.

Mwaka jana daktari mmoja alizungumza redioni kuhusu usonji. Alisema kuna watu wanaozaliwa hivyo, wanaosikia na kuelewa mambo kwa namna yao, na kwamba wengi wao simu huwatesa. Laurensia aliongeza sauti.

"Baba Adela, huyu anakueleza wewe."

"Anaeleza watoto," alisema Novatus, akatoka kwenda kupogoa migomba aliyokwisha kuipogoa asubuhi. Aliona haya, mwanaume mwenye ndevu, kuambiwa ana jambo la watoto.

Sasa, Jumamosi moja Laurensia alikwenda kwenye sala za jumuiya akasahau simu mezani. Ikaita. Ikanyamaza, ikaita tena, ikawa haikomi. Kwenye kioo palikuwa na neno Baba. Mtu hapigi hivyo kwa ajili ya salamu. Novatus akabonyeza.

"Laurensia?" ilisema sauti ya Mzee Telesfori. "Nani hapo, Novatus?"

Shikamoo ilikuwa kooni. Haikutoka.

"Mama yenu ameteleza kisimani, amevunjika mguu. Tunampeleka hospitali. Mwambie Laurensia aje leo hii. Umenisikia?"

Novatus akaitikia kwa kichwa. Ndiyo, kwa kichwa, kwenye simu.

"Haya," mzee akasema taratibu. "Mtandao wenyewe mbovu." Akakata.

Novatus alikimbia mpaka nyumbani kwa jirani yao Benadeta, walikokuwa wakisali, akakatiza rozari na kusema habari yote mbele ya watu bila kupunguza neno. Laurensia akaondoka na bodaboda. Yeye akabaki na Adela, kila chakula akikiacha nusu, maana alijua ukweni sasa watasema nini.

Mama mkwe aliporudi nyumbani na mguu wa plasta, Novatus alikwenda kumjulia hali na mkungu wa ndizi begani. Ndugu walikuwa wamejaa sebuleni.

"Karibu, shemeji," alisema Gaudiosus, kaka yake Laurensia. "Leo umemaliza kuoga?"

Walicheka. Hata mgonjwa alicheka. Novatus alisikia uso unawaka.

"Mwacheni," alisema Mzee Telesfori. "Siku ile mtandao ulikuwa mbovu."

Hapo angenyamaza, yakaisha. Mtu mwingine yeyote angenyamaza. Lakini uongo wa mkewe alikuwa ameubeba miaka mingi, na wa mzee ulimshinda uzito. Akatua mkungu.

"Baba, mtandao haukuwa mbovu. Nilikusikia. Nilishindwa kusema. Sikudharau. Hata marehemu baba yangu alikuwa akinipigia, nashindwa."

Laurensia alikuwa ameinamia kanga yake.

"Najua," alisema mzee. "Nilikusikia unapumua. Ndiyo maana nilikata, nilijua ujumbe umefika." Akasogeza kisahani cha kahawa katikati yao. "Siku nyingine ukiona ni mimi, pokea. Usiseme kitu. Nitasema yangu, wewe pumua, nitakata."

Novatus hakuweza kuinua uso. Aliutazama mkono wa mzee. Ulikwenda kwenye kisahani, ukabaki pale, haukuchukua kahawa, ukamsubiri.

"Shikamoo, baba," alisema.