Mtambo Uko Sawa

Wiki iliyopita, katika zahanati moja karibu na Magunga, mama aliyetoka kujifungua aliomba maji moto ya kuoga. Muuguzi alitazama kioo cha mtambo mpya, unaopima joto la tangi na kuongeza kuni wenyewe.

"Ni moto, mama. Kinasema sitini."

"Sista, shika bomba mwenyewe."

Hakushika. Mzee aliyechochea moto wa tangi hilo miaka mingi, kabla ya mtambo kumfuta kazi, alikuwa nasi kwenye foleni ya dawa. Aligusa bomba, akaguna, akaenda nyuma kuwasha kuni. Mama akaoga.

Msimamizi akaja mbio. "Nani amekuruhusu kugusa mtambo?"

Akamtoa mzee hadi langoni bila dawa. Aliporudi, alishika bomba, akatugeukia. "Si mnaona? Mtambo uko sawa."

Foleni nzima ilinyamaza, nami nikiwemo. Hilo ndilo linaloniuma.