Ngoma ya Wilmar Haikuwa na Kosa

Mume wangu Wilmar aliisingizia ngoma yake kwa miaka mingi. Kundi letu la ngoma la mtaa wa Palermo, hapa Montevideo, likishatoka barabarani, hatujafika mbali utamsikia: "Simameni! Ngozi imelegea!" Basi mbao na magazeti yanawashwa kando ya njia, ngoma zinaelekezwa motoni ngozi zikaze, wapigaji wanapumzika. Wakianza tena, Wilmar anapiga hadi vioo vya madirisha vinatetemeka. Nani angemshuku? Wote tuliamini ni ngozi.

Mimi ndiye niliyeshtuka kwanza, maana naishi naye. Asubuhi kope zake ziko juu kama za watu wote. Ikifika jioni zimeshuka, utadhani kalewa. Kijiko kinamponyoka mkononi. Mama yake alianza vivyo hivyo, mwisho hata supu hakuweza kuimeza, akafa. Wilmar aliliona hilo kwa macho yake. Ndiyo maana tulipotaka kuoana alinipasulia: "Nibia, watoto hapana. Haka kaugonjwa kaishie kwangu."

Nililia, nikanuna, nikamtukana. Halafu nikakubali, kwa sababu nampenda huyu mtu. Mapenzi yangu yote nikayamimina kwa watoto wa dada yake, Mirta. Mirta mwenyewe mzima, mchapakazi, mdomo haufungi. "Wifi, utanizalia lini? Au tumbo umeliweka rehani?" Nacheka naye, kisha naingia jikoni nalia peke yangu. Kitinda mimba wake, Yamila, nilimlea mimi hasa. Mimi ndiye niliyemfunga ngoma yake ya kwanza begani.

Februari hii, kwenye maandamano ya ngoma, fimbo ilimdondoka Wilmar mbele ya umati, na ngozi imetoka motoni sasa hivi. Hapo hakuwa na cha kusingizia. Mirta akamshika ukosi: "Hospitali! Mkaidi wewe, unataka nikuzike?"

Vipimo vilipotoka tuliingia mimi na Wilmar tu. Mirta na Yamila walibaki koridoni na chupa yao ya maji moto, wakinywa mate, ile chai chungu ya majani ya huku kwetu.

Daktari alikuwa mama mpole. "Mshipa wa fahamu haushikani na msuli, bwana Wilmar," akasema. "Ncha yake inamwaga kemikali, msuli ukiipokea ndiyo unakaza. Kumwaga na kujaza upya kunataka nguvu, na nguvu hiyo inatengenezwa palepale kwenye ncha na vitu vidogo mno vinavyoitwa mitokondria. Vyako vina hitilafu, kwenye mishipa na kwenye misuli pia. Ujumbe wa kwanza unafika. Ukituma mfululizo, ncha inaishiwa."

"Na nikipumzika?"

"Inajaza tena, kidogo."

Wilmar akacheka kwa uchungu. "Kumbe! Miaka yote hiyo aliyekuwa anautaka ule moto ni mimi, wala si ngoma." Kisha akanishika mkono. "Angalau sikuzaa, daktari. Nilifanya vizuri, au siyo?"

Daktari akatikisa kichwa. "Mitokondria mtoto anazipata kwa mama yake. Za baba hazipiti. Wewe usingemrithisha mtoto yeyote."

Jamani! Nilitaka kuipindua ile meza. Ujana wangu wote, majina niliyoyachagua nikayameza, chumba kile tulichokigeuza stoo. Nikamgeukia Wilmar nimwambie kila kitu, hata yale yasiyosemeka. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anautazama mlango.

"Na dada yangu?" akauliza.

"Yeye alizipata kwa mama yenu, kama wewe. Anaweza kuwa mzima kabisa, na bado akawapa watoto wake. Ningependa kumwona."

Hasira ikanikatika. Wilmar alijaribu kusimama, akarudi kitini, kafunika uso. Nikafungua mlango mwenyewe.

Mirta akaruka kama kachomwa sindano. "Haya, semeni! Anaponyeka? Mbona unalia, wifi? We Nibia, usinitishe!"

"Hali yake atatueleza mwenyewe," nikasema. "Daktari anakuita wewe."

"Mimi? Mimi naumwa nini?"

"Huumwi. Njoo, nitakaa nawe."

Akampa Yamila kikombe cha mate. "Nishikie mwanangu, mama narudi sasa hivi."

Nikakichukua kile kikombe mikononi mwa mtoto, nikakiweka juu ya benchi.

"Yamila naye aje," nikasema.