Kuni za Kumwogeshea Mzee

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Mfaranyaki, mkulima wa tumbaku kutoka Lusewa alitajiwa bei ya mtambo wa kuchemsha maji kwa jua, akavaa kofia yake aondoke. Mkewe hakusogea.

"Unadumu miaka mingapi, mwanangu?" alimuuliza muuzaji.

"Kumi na mitano, mama, ukiutunza."

Mama akamgeukia mumewe. "Tumbaku unaihesabia kuni za kuikaushia kabla hujapanda hata mche mmoja. Haya, hesabu na kuni zako za kuogea, miaka kumi na mitano."

Mzee alihesabu kwa vidole, akafika mwaka wa tatu, akaona kuni zimeshaipita bei ya mtambo, akaangua kicheko na kuvua kofia.

"Tufungie tuondoke nao."

Nami niliyekuwa nikisubiri zamu yangu dukani nilicheka pamoja nao, mpaka nilipoikumbuka hita yangu ya umeme, niliyojisifu kuipata kwa bei rahisi.