Mguu Usiojua Kupumzika

Kwetu mtu mzima akionekana anakimbia, watu huuliza kwanza anafukuzwa na nani. Kwa hiyo binti yangu aliponiambia tukimbie marathoni pamoja kabla hajaondoka kumfuata mumewe Kanada, nilicheka mpaka nikashona kidole cha mkono wa kushoto. Mimi ni mshonaji, nina miaka hamsini na kitu, na kiti changu cha barazani hapa Mengo kimeshachukua umbo langu. Lakini wazo lile halikuniacha. Nilikuwa nimekimbia mara moja tu maishani, siku niliyotoka Kongo, na siku hiyo kweli nilikuwa nafukuzwa. Nilitaka kujua kukimbia bila kufukuzwa kukoje.

Tukaanza alfajiri, tukizunguka ukuta wa Lubiri, jumba la Kabaka, mfalme wa hapa. Binti mbele, mimi nyuma, nikilia kama cherehani isiyotiwa mafuta. Mwanzoni nilitembea zaidi ya kukimbia. Halafu siku moja nikamaliza mzunguko mzima bila kusimama, nikamwambia turudie, nione kama haikuwa bahati tu. Haikuwa bahati. Nilifurahi kama mtoto, nikaanza kuwatangazia wateja habari ambazo hawakuniuliza.

Kisha asubuhi moja nikashuka kitandani, nikaweka mguu wa kulia chini, nikapiga kelele. Niliinama kutafuta sindano sakafuni, maana mshonaji akichomwa kisigino hana kitu kingine cha kufikiria. Hakukuwa na sindano. Nilipomaliza chai maumivu yalikuwa yamepungua, na kufika saa nne nilikuwa nimeyasahau. Kesho yake yakarudi, saa ile ile, mahali pale pale. Yalinishangaza kuliko yalivyonitisha. Ni maumivu gani haya yanayoamka na mtu, yanakunywa naye chai, kisha yanakwenda zake?

Mimi siamini kitu ambacho sijakiona kwa ndani. Mteja akiniletea gauni la dukani alisifie, naligeuza kwanza nitazame mishono. Basi nilichukua wembe nikavifumua viatu vyangu vya kukimbilia, vya mtumba lakini vizuri, nikitafuta msumari. Nilikuta sponji na vumbi jekundu. Binti aliporudi akavikuta mezani vimelala wazi kama samaki wa kukaushwa. Alinishika mkono akanipeleka Mbuya, kwenye kliniki ndogo ya mtaalamu wa viungo.

Mtaalamu yule alikulia kambini, baba yake akiwa askari, na Kiswahili chake alikitoa huko. Alinibonyeza kisigino nikaruka.

"Mama nyabo, hii mguu nataka pumzika. Hapana kimbia wiki mingi."

"Na marathoni?"

"Kama iko napumzika muzuri, tutaona."

Nilimwomba anionyeshe kwa ndani. Akachora mguu, akachora mshipa unaotoka kisiginoni hadi kwenye vidole. Nikaelewa mara moja: ni kama lastiki ya kiuno cha sketi, ukiivuta kila siku inachoka pale iliposhonewa. Nilitoka pale nimeridhika kabisa. Alinipa mazoezi ya kunyoosha misuli, akaniambia nigandishe chupa ya maji niisukume kwa unyayo kila jioni.

Nikatii. Sikukimbia hata hatua. Nilikaa kitini tangu asubuhi hadi jua linapozama, na kwa kuwa nimekaa, nikashona. Nilikuwa na nguo za safari za binti: magauni ya kitenge ya kanisani, na koti la kitenge nililotaka kulijaza sponji ndani, kwa kuwa nilisikia baridi ya kule haina mchezo. Ndege yake ilikuwa wiki ile ile ya mbio. Nilitaka vyote viwili, akimbie nami na aondoke na nguo zangu.

Lakini mguu ukazidi. Sasa maumivu hayakwenda zake saa nne, yalikaa mpaka jioni. Nikaanza kumshuku mtaalamu, kisha chupa, kisha umri. Inakuwaje kitu kipumzishwe ndipo kizidi kuchoka?

Jibu lilikuja kanisani. Mchungaji alikuwa katikati ya maombi marefu, watu wamefumba macho, mara binti akaweka mkono juu ya goti langu na kunong'ona:

"Mama, uko unashona nini?"

Nikatazama chini. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unapanda na kushuka, kisigino, vidole, kisigino, vidole, sawasawa kama uko juu ya pedali. Sikuwa nimeuambia. Nilikaza midomo nisicheke mbele za Mungu.

Kesho yake binti alijiingiza chini ya mashine yangu kuutazama ukifanya kazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikamtania. Hakucheka. Alianza kuhesabu mara ninazokanyaga, akachoka kabla kola moja haijaisha.

"Mama, huu muguu haujapumzika hata siku moja. Ulipumzisha matako tu."

Miaka yote hiyo nilidhani ninashona kwa mikono. Nilijaribu mguu wa kushoto papo hapo, nione. Gurudumu likazunguka kinyume, uzi ukakatika. Nikajaribu tena, ukakatika tena. Binti akatoa mguu wangu kwenye pedali, akaifunika mashine kwa kitambaa chake.

Nilikasirika. Wateja ningewapeleka kwa jirani, lakini nguo zake? Ni mshonaji gani anayemwacha binti yake aondoke na nguo za dukani, kama mtoto wa mtu asiyejua kushika mkasi? Nilimwambia yote hayo, kwa sauti ya barazani. Akaningoja nimalize.

"Manguo nitapata kule, Mama. Weye sitakupata kule."

Vipande vya nguo zake vilikuwa vimeshakatwa. Nikavikunja pamoja, pindo juu ya pindo, nikavibana kwa pini, nikavitia kwenye mfuko. Iliniuma kuliko kisigino.

Mguu ukaanza kupoa, na siku ya mbio mtaalamu aliniruhusu kilomita kumi tu. Nilimwambia binti aende akakimbie arobaini na mbili zake, alizozifanyia mazoezi, mimi nitamngoja. Akajifanya hasikii, akaja kusimama na watu wa kilomita kumi. Tulikimbia taratibu. Kijana mmoja kando ya barabara alinipigia kelele, "Jjajja, jikaze!" nikataka kusimama nimuulize bibi ni nani. Na kile nilichokuwa nataka kujua, nilikijua karibu na ule ukuta wetu. Siku ile ya kufukuzwa sikutazama pembeni hata mara moja. Binti yangu alikuwa mgongoni, nikisikia pumzi zake tu. Safari hii alikuwa ubavuni, nikamtazama uso njia nzima, mpaka akaniambia nitazame mbele nisianguke.

Aliondoka na mfuko wa vipande.

Miezi imepita. Juzi alipiga simu ya video, amevaa gauni la kitenge. Amepata mashine ya umeme ya mtumba, ameviunganisha vipande mwenyewe.

"Livue, ligeuze," nikamwambia. "Nione ndani."

Akacheka, akaenda akabadili, akarudi amelishika mbele ya kamera. Mshono wa bega ulikuwa umepinda kama njia ya mbuzi.

"Unakanyaga na mguu gani?"

"Wa kushoto. Ule mwingine niko nautunza."

Nikamwambia bega alifumue, arudie.

"Hapana," akasema. "Itabaki vile. Utakuya kuitengeneza weye mwenyewe."

Kisha nikamuuliza kama mji wake una ukuta wa kuzunguka asubuhi. Akasema atautafuta.